Tukuyu kwa treni: mwisho wa wiki katika mji mkongwe wa Rungwe

Abiria anayeshuka treni ya TAZARA katika stesheni ya Mbeya amekwishasafiri karibu kilomita 850 kutoka Dar es Salaam. Wengi hupokelewa na ndugu, hupakia mizigo kwenye bajaji na kutawanyika mjini. Ni wachache wanaojua kwamba kilomita kama 70 tu kutoka hapo, ukipita Uyole na kuteremka safu ya Uporoto, kuna mji uliokuwa makao makuu ya kanda hii wakati Mbeya bado haijawa mji. Mji huo ni Tukuyu, makao ya Wilaya ya Rungwe.

Makala haya ni mwaliko wa kwenda huko, na kwenda kwa treni. Ni mwaliko kwa Watanzania kwanza, maana tumezoea kudhani kwamba utalii ni kazi ya wageni na kwamba historia ya mwenyeji haihitaji nauli. Rungwe ina kila kitu kinachomfanya mtu atenge siku tatu za maisha yake: boma la kale, misheni yenye zaidi ya miaka 130, maziwa yaliyozaliwa na volkano, msitu wenye tumbili asiyepatikana nje ya Tanzania, na watu ambao utaratibu wao wa kuishi uliwashangaza wataalamu wa dunia. Linalopungua ni mazoea ya kwenda kuyaona.

Wajapani wanayo mazoea hayo. Treni yao ya mwendo kasi, Shinkansen, ilizinduliwa tarehe 1 Oktoba 1964 kati ya Tokyo na Osaka, na leo humfikisha mtu Kyoto kutoka Tokyo kwa saa mbili na dakika chache. Kyoto ulikuwa mji wa mfalme tangu mwaka 794 hadi karne ya 19. Ukitoka Kyoto, treni ya kawaida hukufikisha Nara kwa muda usiofika saa moja, na Nara ilikuwa makao makuu kati ya 710 na 784. Mabehewa hayo hujaa wageni wa kigeni, lakini hujaa pia familia za Kijapani na wanafunzi waliovaa sare. Tangu mwishoni mwa karne ya 19 shule za Japani zimekuwa na desturi ya safari ya masomo: mtoto husafiri na wenzake siku kadhaa kwenda kuona miji ya kale, na Kyoto na Nara zimo miongoni mwa zinazopendwa zaidi. Mtoto huyo akikua, huwarudisha wanawe. Mji wa kale huishi kwa sababu wenye nchi wanautembelea.

Sisi tunayo reli, na miji mikongwe tunayo. Tuanze safari.

Kutoka Dar es Salaam

Safari inaanzia kwenye stesheni kubwa ya TAZARA, Barabara ya Nyerere. Jengo hilo la miaka ya 1970, lenye ukumbi mpana na dari refu, ni historia tosha. Mbele yake linapita daraja la juu la Mfugale, lililofunguliwa Septemba 2018 na kujengwa kwa msaada wa Japani. Kwa hiyo, kabla hujapanda treni ya reli iliyojengwa na Wachina, umepita juu ya barabara iliyojengwa kwa fedha za Wajapani.

TAZARA, au Reli ya Uhuru, ilizaliwa na shida ya jirani. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia ya Kusini walijitangazia uhuru wao, na Zambia ikajikuta shaba yake inategemea njia zinazopita kwa maadui wa ukombozi. Nchi za Magharibi zilikataa kugharimia reli mpya ya kwenda bandari ya Dar es Salaam. Mwalimu Julius Nyerere na Kenneth Kaunda wakageukia China, na tarehe 5 Septemba 1967 mkataba ukasainiwa Beijing. Ujenzi ulianza mwaka 1970, na Julai 1976 reli ikakabidhiwa rasmi: kilomita 1,860 hadi New Kapiri Mposhi, kilomita 975 kati ya hizo zikiwa upande wa Tanzania. Wachina zaidi ya 60 walifia kwenye kazi hiyo, na wengi wao wamezikwa Gongo la Mboto. Watanzania na Wazambia nao walikufa, na majina yao hayatajwi mara nyingi. Anayepanda treni hii anapita juu ya jasho la watu wote hao.

Kwa miaka mingi treni za abiria zimekuwa zikiondoka Dar es Salaam mara mbili kwa wiki, Jumanne na Ijumaa, na ya Ijumaa ikijulikana kwa jina la Mukuba. Daraja la kwanza lina vyumba vya vitanda vinne, la pili vitanda sita, na la tatu ni viti. Wanaume na wanawake hulala vyumba tofauti, isipokuwa familia au kundi likikodi chumba kizima. Hapo ndipo raha ya safari hii ilipo: familia ya watu wanne inafunga mlango wake, inafungua chakula chake, na watoto wanapanda vitanda vya juu kabla treni haijaondoka.

Usiku wa Kilombero

Treni ikishaiacha Pwani, jioni huikuta ikipita kwenye eneo lililokuwa Pori la Akiba la Selous, ambalo sehemu yake kubwa ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere tangu 2019. Nchi chache duniani zina reli ambayo abiria wa daraja la tatu anaweza kuona twiga na tembo dirishani kwa nauli ileile. Anayetaka kuwaona akae dirishani mapema, kabla giza halijaingia.

Baada ya Kisaki na Msolwa inafuata Mang'ula, chini ya milima ya Udzungwa, kisha Ifakara na bonde la Kilombero. Kila stesheni ina wachuuzi wake, na usiku hawalali treni inapokaribia. Kina mama hupitisha beseni dirishani, watoto hukimbia sambamba na mabehewa, na taa za tochi hucheza gizani. Huu ni uchumi mzima unaoishi kwa dakika ambazo treni imesimama. Treni ikikoma kupita, beseni hizo nazo hukoma.

Kati ya Mlimba na Makambako kuna kipande kilichowatoa jasho kuliko vyote wahandisi wa miaka ile. Milima ni mikali, udongo ni laini, na mahandaki mengi ya reli hii yako hapa. Daraja la Mpanga linasimama juu ya nguzo zenye kimo cha takribani mita 50. Mara nyingi treni hupita hapa usiku au alfajiri. Ukishtuka usingizini na kuona giza la dirishani limezidi, ujue mmeingia handakini.

Asubuhi mambo hubadilika. Makambako kuna baridi, na sweta hutoka kwenye mabegi. Treni huingia uwanda wa Usangu, hupita Rujewa, Chimala na Igurusi, penye mashamba ya mpunga, kisha huanza kupanda. Karibu na Uyole reli hufika mita 1,789 juu ya usawa wa bahari, mahali pa juu kuliko pote katika njia yake yote ya kilomita 1,860. Abiria aliyeondoka kwenye joto la Temeke jana yake anavuta pumzi ya nyanda za juu. Ndege ingemfikisha Songwe kwa muda mfupi, lakini isingemwonyesha jinsi nchi yake inavyopanda.

Kuteremka Rungwe

Kutoka stesheni ya Mbeya, upande wa Iyunga, chukua usafiri hadi kituo cha Nane Nane, na hapo utapata kosta na magari madogo ya Tukuyu na Kyela. Barabara ni ya lami na inaendelea hadi mpaka wa Malawi. Ikiacha Uyole inapanda Uporoto, ambako viazi mviringo hulimwa hadi kwenye miinuko mikali, kisha inaanza kuteremka, na kijani kinabadilika: migomba, michai, miparachichi na mianzi. Sehemu nyingi za Rungwe hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na udongo wake ni wa volkano. Ardhi haijui kupumzika.

Simama Kiwira. Soko lake hupokea ndizi za kila aina, magimbi, maharage, viazi na maparachichi ambayo siku hizi husafirishwa hadi Ulaya. Salimia kwa Kinyakyusa, "mugonile", na ukihudumiwa sema "ndaga fijo". Mama muuza ndizi atakuongezea moja, na mazungumzo yataanza.

Mbele kidogo ni Katumba na kiwanda chake cha chai. Chai ililetwa na Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20, ikawa zao la mashamba ya walowezi. Leo wakulima wadogo wa Rungwe ndio wanaochuma sehemu kubwa ya majani yanayoingia kiwandani, na vibanda vya kupimia majani vipo kando ya barabara. Ukipita wakati wa kupima utaona kazi ya familia nzima ikiwekwa kwenye mizani.

Boma, misheni na vijiji vya rika

Tukuyu yenyewe imekaa mgongoni mwa kilima, mlima Rungwe ukiwa nyuma yake. Wajerumani walianza kutawala eneo hili wakiwa Langenburg, kando ya Ziwa Nyasa. Kuelekea mwaka 1900 waliyahamishia makao yao kwenye hewa ya baridi, wakapaita Neu-Langenburg. Boma lenye kuta nene walilolijenga limeendelea kutumika kama ofisi za serikali. Mei 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, jeshi la Waingereza lililotokea Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini liliingia na kuutwaa mji. Mbeya ilikuja baadaye, mwaka 1927, ikisukumwa na dhahabu ya Lupa, na taratibu ikawa kubwa kuliko Tukuyu. Hata hivyo mji mdogo haukukata tamaa: mwaka 1986 Tukuyu Stars ilitwaa ubingwa wa ligi ya Tanzania Bara mbele ya vigogo wa Dar es Salaam, na wazee wa hapa bado wanakitaja kikosi kile mmoja mmoja.

Chini ya mlima kuna misheni ya Rungwe. Mwaka 1891 wamisionari wa Moravian, Theodor Meyer na wenzake watatu, walifika hapa baada ya safari ndefu ya kupitia mto Shire na Ziwa Nyasa. Mmoja wao, Johannes Häfner, alifariki mwaka huohuo. Waliobaki walijenga kanisa, shule na karakana, na kutoka hapa Kanisa la Moravian lilienea kusini magharibi yote ya Tanzania. Nyumba za kale na miti mikubwa ya misheni inastahili saa nzima ya kutembea polepole. Omba ruhusa ofisini, na ukibahatika utampata mzee wa kukueleza nani amelala wapi makaburini.

Lakini historia ya Rungwe haikuanza na meli za Wazungu. Wanaanthropolojia Godfrey na Monica Wilson, waliokaa na Wanyakyusa kati ya 1934 na 1938, waliandika kuhusu jambo ambalo halikuwa na mfano rahisi kupatikana duniani: vijiji vya rika. Vijana wa kiume walipofikia umri wa kama miaka kumi hivi waliondoka majumbani mwa baba zao, wakajenga kijiji chao pamoja, wakakua, wakaoa na kuleta wake zao humo. Kizazi kilipokomaa kilikabidhiwa uongozi kwa sherehe, na wazee wakasogea pembeni. Kitabu cha Monica Wilson cha mwaka 1951, Good Company, kimesomwa na wanafunzi wa vyuo vikuu vya mabara mengi. Watoto wa Tanzania wangapi wamekuja kusimama kwenye ardhi kinayoielezea?

Liko pia jambo la imani. Lubaga, katika eneo la Selya, kuna msitu mtakatifu wa Lwembe, mtawala aliyeheshimiwa kama kiungo cha watu na mvua na rutuba. Watu hawakukata miti yake. Wajapani wanalo jambo linalofanana: kule Nara msitu wa Kasuga umekatazwa kukatwa tangu mwaka 841, na leo umo ndani ya urithi wa dunia wa UNESCO. Babu zetu walikuwa na hekima ileile. Tofauti ni kwamba Wajapani wameiandika kwenye kibao cha barabarani, kila mgeni akaisoma.

Moto uliozaa maji

Rungwe ni nchi ya volkano. Mlima Rungwe wenyewe una mita 2,961, na yapata miaka 4,000 iliyopita ulilipuka kwa nguvu na kutapakaza mawe mepesi kote kuuzunguka. Jirani yake, Kiejo, alitoa tope la moto karibu mwaka 1800. Ni juzi tu kwa umri wa mlima. Moto huo ndio ulioacha maajabu ambayo mgeni huyafuata.

Daraja la Mungu ni la kwanza kutajwa. Tope la moto lilipoa juu ya mto Kiwira, maji yakachimba chini yake, na sasa mwamba umelala kutoka ukingo hadi ukingo bila mkono wa mtu. Sio mbali na hapo ni Kijungu, ambapo mto huohuo unabanwa na miamba na kuzama kwenye shimo la mviringo. Kijungu kiko katika eneo la chuo cha Magereza, kwa hiyo jitambulishe getini na ufuate maelekezo. Maporomoko ya Kaporogwe yanadondoka mbele ya pango, na mtu mwenye miguu imara anaweza kusimama nyuma ya maji akitazama bonde.

Ziwa Ngozi liko juu ya Uporoto, ndani ya kreta, na kina chake kinazidi mita 70. Njia ya kulifikia inaachana na barabara kuu kabla ya kufika Kiwira. Utapanda msituni saa moja hadi mbili, sehemu nyingine ukishika mizizi, hadi ukingoni ambapo maji ya kijani yanajitokeza chini kabisa. Nenda na mwongoza njia wa kijijini. Wazee hawalitaji ziwa hili bila hadithi ya nyoka mkubwa na hazina ya Wajerumani.

Masoko, upande wa kusini wa Tukuyu, lina hadithi ya hazina pia. Kando ya ziwa dogo la kreta Wajerumani walikuwa na kambi ya askari, na jengo lake la kale limetumika kama mahakama ya mwanzo. Wanasema askari walipokimbia mwaka 1916 walitupa sarafu na silaha majini. Hazina isiyo na shaka ni ya aina nyingine: matope ya chini ya ziwa hili, yaliyochimbuliwa na wanasayansi, yamehifadhi kumbukumbu ya mvua na ukame ya takribani miaka 45,000. Daftari la hali ya hewa la sehemu hii ya Afrika limo Masoko.

Na mlimani, katika msitu wa hifadhi, anaishi tumbili aitwaye kipunji. Wanakijiji walimjua siku zote, na ni wao waliowaelekeza watafiti kwake mwaka 2003. Mwaka 2006 alitambuliwa kuwa wa jenasi mpya kabisa, jambo lililokuwa halijatokea kwa tumbili wa Afrika kwa zaidi ya miaka 80. Yupo hapa Rungwe, kwenye misitu jirani ya Livingstone na katika kipande kidogo cha Udzungwa. Kwingine kokote duniani hayupo.

Kinachotupasa

Julai 2024 treni ya umeme ya SGR ilianza kwenda Dodoma, na tukaona jinsi Watanzania wanavyopenda reli ikiwatendea haki. Familia zilisafiri kwa hamu ya kusafiri tu. TAZARA nayo inafufuliwa: Septemba 2024 serikali za Tanzania, Zambia na China zilitia saini Beijing makubaliano ya awali ya kuifufua, na kampuni ya China imekubali kuwekeza takribani dola za Marekani bilioni 1.4. Mazungumzo mengi yamehusu shaba na mizigo. Abiria naye atajwe kwenye mipango hiyo, na mji mkongwe utajwe pamoja naye.

Kinachohitajika si kikubwa. Kosta inayosubiri treni Mbeya na kupeleka abiria moja kwa moja Tukuyu. Vibao vya kueleweka kwenye boma, misheni na Masoko. Vijana wa Rungwe wanaofundishwa kuongoza wageni na kulipwa ipasavyo. Ukarabati wa majengo ya kale kabla bati jipya na rangi ya haraka havijafuta alama zake. Na zaidi ya yote, behewa moja la wanafunzi. Shule ya Dar es Salaam ikipeleka darasa la sita Rungwe kwa reli mara moja kwa mwaka, watoto watasoma jiografia, historia na uraia kabla hawajafungua daftari.

Ukitaka kwenda

Ulizia ratiba kituoni au kwa simu kabla ya kupanga likizo, maana huduma ya abiria imewahi kusimama na kurejea, na treni huchelewa. Kwa sababu hiyo siku mbili hazitoshi: ondoka Ijumaa, ufike Jumamosi, lala Tukuyu, na uitumie Jumapili yote. Jumatatu rudi kwa basi au kwa ndege kutoka Songwe. Juni hadi Oktoba mvua ni chache na njia za milimani hupitika, ingawa Juni na Julai baridi ni kali. Beba sweta, koti la mvua, viatu vya kupandia na fedha taslimu za vijijini. Kula ndizi za kupika na maharage kwa mama lishe, na ununue chai na maparachichi moja kwa moja kwa wakulima.

Kyoto haikuokolewa na treni ya mwendo kasi. Iliokolewa na vizazi vya watu walioamua kwamba hapo ni kwao na kwamba lazima wapaone. Uamuzi huo tunao mikononi mwetu kuhusu Rungwe, na hauhitaji kusubiri bajeti ya mtu mwingine. Mzazi anayekata tiketi nne za Mbeya mwezi ujao amekwishaanza.